Mbwa Msaidizi, Mnyama wa Tiba na Mnyama wa Faraja: Mwongozo Kamili kwa Waswahili Tunaoishi Marekani

Mdogo wangu alipoanza kuendesha teksi za simu hapa Ohio, alinipigia usiku mmoja akiwa amesimama kando ya barabara. "Dada, abiria wangu ametoka na mbwa mkubwa. Gari nimeliosha leo, na isha bado sijaswali. Nimwambie aite gari lingine?" Nikamwuliza mbwa amevaa nini. Akachungulia kioo, akasema amefungwa mshipi wa ngozi wenye mpini mgumu, na yule bwana ameushika mpini huo kwa mkono wa kushoto. Nikamwambia ashuke, amsalimie abiria wake, amfungulie mlango, na mengine tutazungumza akirudi.

Angemwacha yule bwana pale barabarani, angevunja sheria ya nchi na kumdhalilisha mtu asiyeona, kwa jambo ambalo hakuna aliyewahi kumweleza. Mimi pia sikuzaliwa nikilijua. Nimelijifunza kwa miaka ya kutunza wagonjwa na wazee majumbani mwao. Nimefanya kazi kwenye nyumba yenye mbwa anayekimbilia kumwita mtu pale bwana wake anapoanguka kifafa. Nimeona mbwa anayeletwa kila Alhamisi kuwatembelea wazee, kisha akaondoka na mwenyewe. Na nimemtunza bibi mwenye huzuni nzito ambaye mbwa wake hafanyi lolote ila kulala karibu naye kwenye kochi. Ukiwatazama, wote ni mbwa. Mbele ya sheria hawafanani hata kidogo, na anayewachanganya huumia: dereva hupoteza kazi, mpangaji hukosa nyumba, msafiri hurudishwa uwanja wa ndege.

Kabla ya yote: usihukumu kwa kizibao

Wengi wetu tukimwona mbwa dukani tunatafuta kizibao chenye maandishi. Kizibao hicho kinauzwa mtandaoni, na yeyote anaweza kumvalisha mbwa wake. Sheria haimlazimishi mbwa msaidizi kukivaa. Vivyo hivyo vyeti na kadi za tovuti zinazodai kuwasajili wanyama hawa: Wizara ya Sheria ya Marekani haizitambui kuwa ushahidi wa chochote. Hakuna daftari la taifa la mbwa wasaidizi. Anayekuuzia usajili anakuuzia karatasi.

Cha kushika ni maswali mawili. La kwanza: mnyama huyu amefunzwa kufanya kazi gani, kwa ajili ya nani? La pili: tuko mlango upi? Wa duka, wa nyumba, au wa ndege? Kila mlango una sheria yake, na mnyama anayepita mlango mmoja anaweza kuzuiwa mwingine kwa haki kabisa.

Sisi wa Afrika Mashariki tusione ajabu mnyama kuwa na kazi. Pale Morogoro, shirika la APOPO kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo hufunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini na makohozi yenye kifua kikuu. Magawa, panya aliyezaliwa pale, alitunukiwa nishani ya dhahabu na PDSA, shirika la Uingereza la kutibu wanyama, mwaka 2020 kwa mabomu aliyoyafichua Kambodia. Hakuna mtu aliyemwita Magawa panya wa kufugia nyumbani. Mbwa msaidizi naye mtazame kwa jicho hilohilo.

Hatua ya 1: Watenganishe watatu hawa

*Mbwa msaidizi* ndiye Wamarekani wanayemwita service dog. Amefunzwa kazi maalumu inayohusiana moja kwa moja na ulemavu wa mtu mmoja. Historia yake ilianza na wasioona. Ujerumani ilifungua shule ya mbwa viongozi kule Oldenburg mwaka 1916, kwa ajili ya askari waliopofuka vitani. Mwaka 1928 kijana asiyeona wa Nashville, Morris Frank, alirudi Marekani kutoka Uswisi akiongozwa na mbwa wake Buddy, na mwaka uliofuata ikaanzishwa The Seeing Eye, shule ambayo mpaka leo inafundisha mbwa viongozi kule New Jersey.

Leo kazi zimeongezeka. Yupo anayemgusa mama kiziwi mtoto akilia au kengele ya moto ikipiga. Yupo anayeokota funguo na kufungua mlango wa friji kwa mtu wa kiti cha magurudumu. Yupo anayenusa sukari ikishuka kwa mgonjwa wa kisukari na kumtahadharisha kabla hajazirai. Kwa kanuni zilizoanza kutumika tarehe 15 Machi 2011, mnyama msaidizi katika maeneo ya umma ni mbwa tu. Yupo mwingine mmoja aliyetengewa kifungu chake, naye ni farasi mdogo, wa kimo cha takriban sentimita 60 hadi 86 begani, ambaye biashara hutakiwa kumruhusu inapowezekana. Wapo wasioona wanaompenda kwa kuwa huishi miaka mingi kuliko mbwa. Paka, kasuku na nyani hawamo.

*Mnyama wa tiba* hana mgonjwa mmoja. Ni mnyama mpole wa mtu wa kawaida, aliyepimwa tabia yake, ambaye huenda na mwenyewe hospitalini, shuleni au kwenye nyumba za wazee kuwafariji watu wengine. Maktaba nyingi huwaita ili watoto wanaosoma kwa shida wawasomee hadithi. Mpango wa kwanza maarufu wa namna hiyo ulianza Salt Lake City mwaka 1999. Mnyama huyu huingia pale alipoalikwa tu. Hana haki ya kuingia mgahawani, na mwenyewe akikuambia kwamba mbwa wake ni wa tiba, bado unaweza kumkatalia kwa heshima.

*Mnyama wa faraja* ndiye utakayemwona kwenye barua za madaktari kwa herufi ESA, yaani emotional support animal. Huyu humsaidia mwenyewe kwa kuwapo tu. Hahitaji mafunzo yoyote, wala si lazima awe mbwa. Paka wengi wamo humu. Kinachompa hadhi ni hali ya afya ya mwenyewe na maelezo ya mtaalamu anayemtibu. Haki yake kubwa iko katika makazi. Dukani, mgahawani na kwenye basi, sheria ya taifa humchukulia kama mnyama mwingine yeyote.

Hapa ndipo watu wengi huteleza, kwa hiyo niruhusu nikae kidogo. Wengi hudhani kwamba ulemavu wa kuonekana huzaa mbwa msaidizi, na ugonjwa wa akili huzaa mnyama wa faraja. Si hivyo. Chukua wanawake wawili waliotoka vitani, wote wana kiwewe, wote wana mbwa. Wa kwanza, mikono yake ikianza kutetemeka, mbwa wake humpanda mapajani na kumlalia kwa uzito wake mpaka pumzi itulie. Usiku akiota jinamizi, mbwa huwasha taa kwa mguu na kumwamsha. Wa pili hutulia kwa sababu mbwa wake yupo chumbani, basi. Maumivu yao yanaweza kuwa sawasawa. Lakini mbwa wa kwanza ametambua hali na kutenda jambo alilofunzwa, na huyo ni msaidizi mwenye haki zote sawa na za mbwa wa asiyeona. Wa pili ni wa faraja. Mstari umepita kwenye kazi. Ukubwa wa ugonjwa haumo.

Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu katika jamii zetu magonjwa ya akili hufichwa, na wapo ndugu zetu kutoka Kongo na Burundi wanaoishi na kiwewe ambao wangefaidika na mbwa wa namna ya kwanza, lakini hawajui kwamba yupo.

Hatua ya 2: Ujue mlango na sheria yake

Maeneo ya umma, yaani maduka, migahawa, hoteli, hospitali, ofisi za serikali na teksi, yako chini ya Sheria ya Wamarekani Wenye Ulemavu ya mwaka 1990, inayojulikana kwa herufi ADA. Hapo hupita mbwa msaidizi peke yake, ukiacha yule farasi mdogo.

Nyumba za kupanga ziko chini ya Sheria ya Haki katika Makazi ya mwaka 1968, iliyoongezewa kinga ya wenye ulemavu mwaka 1988. Hapo hupita msaidizi, na wa faraja pia anaweza kupita.

Ndege ziko chini ya sheria ya mwaka 1986 iitwayo Air Carrier Access Act. Hapo mambo yalibadilika sana mwaka 2021, nami nitayaeleza mbele.

Majimbo nayo yana sheria zake juu ya hizi. Kwa mfano, mbwa ambaye bado yuko mafunzoni hana kinga ya ADA, ila majimbo mengi yamempa kinga hiyo. Angalia ya jimbo lako.

Hatua ya 3: Ukiwa kazini na mteja akaingia na mbwa

Wengi wetu tuko hotelini, dukani na migahawani, kwa hiyo hili litakufika. Kama kazi ya mbwa haijidhihirishi, unaruhusiwa kuuliza mambo mawili tu: je, mbwa huyu ni msaidizi anayehitajika kwa sababu ya ulemavu? Na amefunzwa kufanya kazi gani? Usizidishe. Usiulize mteja anaumwa nini, usidai cheti, wala usimwambie mbwa aonyeshe anachojua. Ukimwona asiyeona anaongozwa na mbwa, hata hayo mawili usiulize.

Jibu la swali la pili ndilo linaloamua. "Hunikumbusha kumeza dawa" ni kazi. "Huniondolea upweke" si kazi kwa maana ya sheria hii, na hapo una haki ya kusema kwa upole kwamba wanyama wa kufugwa hawaruhusiwi.

Mwenzako akisema anaogopa mbwa, au mteja mwingine ana aleji, hiyo si sababu ya kumtoa mwenye mbwa msaidizi. Watenganishe wakae mbali, kila mmoja ahudumiwe. Hotelini usimpangie chumba cha wenye wanyama kwa lazima, wala usimtoze ada ya mnyama. Mbwa akiharibu kitu, atalipia kama mgeni yeyote angelipia.

Unaweza kumtoa mbwa msaidizi katika hali mbili: amekuwa mkorofi na mwenyewe hamdhibiti, au anajisaidia ndani. Mbwa anayebweka mfululizo, anayerukia watu au kunusa sahani za wengine unaweza kuomba atolewe, hata kama ni msaidizi wa kweli. Ila mwenyewe lazima apewe nafasi ya kurudi na kuhudumiwa bila mbwa.

Hospitalini mbwa huruhusiwa wodini, kliniki na kwenye mkahawa, lakini si chumba cha upasuaji wala wodi ya walioungua, ambako usafi lazima uwe kamili. Ukiwa mhudumu, kumlisha na kumtoa mbwa nje si kazi yako. Ni ya mgonjwa au mtu wake.

Jambo la adabu ambalo mtu mzima mmoja niliyemtunza alinifundisha: mbwa akiwa kazini usimwite, usimpapase, usimpe chakula. Zungumza na mtu, si na mbwa. Ukimvuruga mbwa mwenye kazi ya kunusa sukari, umemvuruga anayemlinda mtu asizirai.

Hatua ya 4: Dereva Mwislamu na suala la najisi

Hili ndilo nililozungumza na mdogo wangu mpaka usiku wa manane, na ninajua liko mioyoni mwa wengi waliolelewa pwani kwa madhehebu ya Shafii, ambako tumefunzwa kwamba mbwa ni najisi nzito, ya kuoshwa mara 7, moja kwa udongo.

Upande wa sheria ya nchi, hakuna nafasi. Dereva wa teksi, ya kampuni au ya simu, hawezi kumkataa abiria kwa sababu ya mbwa msaidizi, iwe kwa dini, hofu au aleji. Hawezi kumtoza zaidi. Mwaka 2021 msuluhishi aliiamuru Uber imlipe mwanamke asiyeona dola milioni 1.1 kwa safari 14 alizokataliwa au kusumbuliwa na madereva. Kampuni hizi sasa humfungia kabisa dereva anayethibitika kukataa kwa kujua. Mtu aliyejenga riziki yake kwa gari hawezi kuipoteza kwa dakika moja ya kutojua.

Upande wa dini, mimi si shehe, na mwenye shaka amwulize mwalimu wake. Lakini mambo haya yanafundishwa madrasa wazi. Qurani yenyewe, katika sura ya Al-Maida aya ya 4, imehalalisha kilichokamatwa na wanyama waliofunzwa kuwinda, na mbwa wa kuwinda na wa kulinda mifugo wametolewa katika katazo la kufuga. Kwa Shafii, najisi ya mbwa huhama panapokuwa na unyevu. Kikavu kikigusana na kikavu hakihamishi kitu. Wamaliki humhesabu mbwa kuwa safi. Na mwaka 2008 msikiti mmoja mjini Leicester, Uingereza, ulimruhusu kijana asiyeona aje na mbwa wake kiongozi, mbwa akitengewa mahali pake pa kungojea karibu na mlango, mbali na sehemu ya kuswalia.

Kwa vitendo, fanya hivi. Weka shuka nzito au turubai jepesi kwenye buti. Abiria akija na mbwa, mwombe ruhusa utandike chini miguuni pa kiti, ambako mbwa kiongozi aliyefunzwa hukaa mwenyewe. Usimwambie mbwa akae kwenye buti. Ukimaliza safari, kunja shuka, ifue nyumbani. Weka na nguo ya akiba ya kuswalia kwenye mfuko. Mdogo wangu anaendesha hivyo kwa miaka kadhaa sasa, na hajawahi kukosa sala wala abiria.

Msikiti na kanisa, kama taasisi za dini, hazibanwi na sehemu hii ya ADA. Zinaweza kukataa. Lakini muumini asiyeona akitaka kuja kuswali, kamati ikae naye kabla ya Ijumaa na kumtafutia mahali mbwa wake atakapongojea. Asije akasikia kutokubaliwa kwake mlangoni mbele ya watu.

Hatua ya 5: Mpangaji mwenye mnyama wa faraja

Mwenye nyumba amesema hataki wanyama. Una msongo wa mawazo uliothibitishwa, na paka wako ndiye anayekufanya uamke asubuhi. Usimfiche paka. Fuata utaratibu.

Anza kwa anayekutibu: daktari, msaikolojia au mshauri mwenye leseni anayekujua kweli. Mwombe barua inayosema mambo matatu: kwamba yeye ni mtaalamu mwenye leseni na anakutibu, kwamba una hali inayokuzuia kutenda jambo moja au zaidi kubwa la maisha, na kwamba mnyama huyo anasaidia katika hali hiyo. Barua haina haja ya kutaja jina la ugonjwa. Kaa mbali na tovuti zinazouza barua kwa dakika 10 baada ya kujaza dodoso. California, tangu mwaka 2022, inataka mtaalamu awe na uhusiano na mgonjwa kwa siku 30 angalau kabla ya kuandika barua ya mbwa wa faraja, na wenye nyumba wa majimbo mengine nao wamezoea kuzikataa barua za haraka.

Kisha andika ombi kwa mwenye nyumba. Andika, usitegemee maneno ya kwenye korido. Eleza kwamba unaomba sheria ya wanyama ilegezwe kwa ajili ya ulemavu, ambatisha barua, weka tarehe, na ubaki na nakala. Unaweza kuomba kabla ya kuhamia au baada. Kuomba kabla hujamleta mnyama huondoa ugomvi mwingi.

Akikubali, mnyama huyo hahesabiwi kuwa wa kufugwa, kwa hiyo ile amana na kodi ya mnyama kwa kawaida hazimhusu. Ila akitafuna zulia, utalipa zulia. Mwenye nyumba anaweza kukataa pale mnyama huyohuyo, si aina yake, anapokuwa tishio la kweli kwa watu au mali. "Siwapendi mbwa wa aina ile" si sababu.

Kuna nyumba ambazo sheria hii haizigusi, nazo ndizo wageni wengi hupanga: jengo lenye makazi yasiyozidi 4 ambamo mwenye nyumba mwenyewe anaishi, na baadhi ya nyumba za peke yake ambazo mwenyewe anazipangisha bila dalali. Ukipanga chumba kwa mama mmoja aishiye ghorofa ya chini, mazungumzo yako naye ni ya ujirani zaidi kuliko ya sheria, ingawa baadhi ya majimbo yamefunga mwanya huu.

Wanafunzi nao wajue: mabweni ya vyuo huhesabiwa makazi. Chuo Kikuu cha Nebraska kampasi ya Kearney kilikubali mwaka 2015 kulipa dola 140,000 kumaliza kesi ya wanafunzi walionyimwa wanyama wa faraja bwenini. Haki hiyo huishia bwenini. Darasani na bwaloni mnyama wa faraja hana njia.

Kazini kuna utaratibu mwingine tena. Mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi hutakiwa kulipokea na kulipima ombi la mfanyakazi, awe na mbwa msaidizi au hata mnyama wa faraja, na yeye, tofauti na mwenye duka, anaruhusiwa kudai karatasi za daktari.

Hatua ya 6: Ndege, na safari ya nyumbani

Kuna wakati watu walipanda ndege za Marekani na bata, nguruwe na hata sungura kwa barua za faraja. Januari 2018 mwanamke mmoja alizuiwa pale Newark akiwa na tausi. Malalamiko yalijaa, yakiwemo ya wasioona ambao mbwa wao walishambuliwa na wanyama wasiofunzwa. Tangu tarehe 11 Januari 2021 mashirika ya ndege hayalazimiki tena kumtambua mnyama wa faraja. Atasafiri kama mnyama mwingine, kwa ada na kwa masharti ya shirika.

Mbwa msaidizi husafiri bure, awe wa macho, wa kifafa au wa kiwewe. Shirika linaweza kukutaka ujaze fomu ya Wizara ya Uchukuzi kuhusu afya, tabia na mafunzo yake, saa 48 kabla ya safari kama uliweka nafasi mapema. Safari ya saa 8 au zaidi ina fomu ya pili, unayothibitisha kwamba mbwa anaweza kujizuia au kujisaidia bila kuchafua. Abiria mmoja haruhusiwi zaidi ya mbwa wawili, nao lazima waenee miguuni pako. Fomu hizo ni hati za serikali. Kudanganya humo ni kosa la jinai.

Sasa wengi wetu hatuendi Denver, tunakwenda Nairobi, Dar es Salaam au Mombasa. Hapo jihadhari. Ukiunganisha ndege nje ya Marekani, sheria ya Marekani haikufuati kila kipande cha safari, kwa hiyo andikia kila shirika na upate jibu la maandishi. Kenya na Tanzania zinataka kibali cha kuingiza mnyama na cheti cha afya kutoka kwa daktari wa mifugo. Na ukifika, jiandae: mlinzi wa supamaketi na kondakta wa matatu hajawahi kuona mbwa msaidizi. Mwenyeji wako akatangulie kuzungumza na hoteli.

Kurudi ndiko kunakowakwamisha watu. Marekani inazihesabu Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo miongoni mwa nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa. Tangu tarehe 1 Agosti 2024, kila mbwa anayeingia, hata msaidizi, lazima awe na umri wa miezi 6 au zaidi, awe na chipu mwilini, aonekane mzima, na awe na fomu ya CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa. Aliyekuwa katika nchi hizo anahitaji na karatasi za chanjo juu yake. Kama mbwa wako alichanjwa Marekani, fomu ya kuthibitisha chanjo ijazwe na daktari wa mifugo na kupigwa muhuri wa USDA, yaani Wizara ya Kilimo ya Marekani, kabla hujaondoka. Chipu itangulie chanjo. Ukisahau na kuanza kutafuta karatasi hizo ukiwa Arusha, mbwa huhesabiwa kama aliyechanjwa nje, na hapo kuna kituo maalumu cha kupokelea, vipimo vya damu, au karantini ya siku 28 kwa gharama yako.

Hatua ya 7: Kama wewe ndiye unayemhitaji mbwa msaidizi

Anza na daktari wako, si na mfugaji wa mbwa. Kaeni mwandike kazi ambazo mbwa angezifanya siku hadi siku: kuokota, kuamsha, kuita mtu, kuongoza. Mkikosa kazi hata moja, huenda unahitaji faraja, nayo ina njia yake tuliyoiona.

Ukizipata kazi, njia ni mbili. Moja ni kuomba kwenye shule ya mbwa. The Seeing Eye ni ya wasioona. Canine Companions, iliyoanzishwa California mwaka 1975, huwapa mbwa bila malipo watu wenye ulemavu wa aina kadhaa. Shirika la Assistance Dogs International lina orodha ya shule zilizokaguliwa. Tafuta humo iliyo karibu nawe. Jiandae kungoja, pengine miaka. Wapo pia wauzaji wanaodai maelfu ya dola kwa mbwa wasiofunzwa vizuri, kwa hiyo kabla hujalipa senti nenda ukamwone mbwa akifanya kazi mahali penye watu.

Njia ya pili ni kumfunza mwenyewe, nayo sheria inairuhusu kikamilifu. Ni kazi ndefu. Mbwa anatakiwa akae kimya chini ya meza saa nzima, apite jirani na nyama bila kugeuka, asijibu mbwa wenzake, na juu ya hayo ndipo ajue kazi yake. Mtihani wa tabia wa AKC, chama cha mbwa cha Marekani, uitwao Canine Good Citizen, wenye vipengele 10, haukupi haki yoyote kisheria, ila ni kipimo kizuri cha kujua umefika wapi. Si kila mbwa anaweza. Akionekana mwoga au mkali, mwache awe mbwa wa nyumbani.

Usijaribu njia ya mkato ya kizibao. Majimbo mengi yameifanya kuwa kosa. California hutoa faini hadi dola 1,000, kifungo hadi miezi 6, au vyote viwili. Kwa mgeni ambaye karatasi zake za uhamiaji hazijakamilika, kesi ya udanganyifu, hata ndogo, ni mzigo wa kutisha.

Hatua ya 8: Kama mbwa wako ni mpole na ungependa awafae wengine

Jiunge na shirika la kujitolea kama Pet Partners au Alliance of Therapy Dogs. Watampima mbwa, nawe watakupima, maana ninyi wawili ni timu. Mbwa awe amechanjwa, asishtuke na kiti cha magurudumu wala vyuma vinavyoanguka. Kisha hospitali au maktaba iwaalike. Nyumba za wazee zina uhaba wa wageni, na nimeona mzee aliyekaa kimya wiki nzima akaanza kusimulia mbwa wa utotoni mwake.

Hatua ya 9: Ukinyimwa haki yako

Andika siku hiyohiyo: tarehe, saa, mahali, maneno yaliyosemwa, na majina ya waliokuwapo. Tunza jumbe za simu. Omba kuzungumza na meneja kabla ya kuondoka. Mara nyingi aliyekuzuia ni mfanyakazi asiyefundishwa, na jambo huishia hapo.

Kwa duka, mgahawa au teksi, Wizara ya Sheria ina simu ya bure ya maswali ya ADA, 800-514-0301. Kwa nyumba, lalamika HUD, yaani Wizara ya Makazi, kwa namba 800-669-9777. Una mwaka mmoja tangu tendo la mwisho. Kwa ndege, ukiwa bado uwanjani, omba kumwona afisa wa malalamiko ya wenye ulemavu. Kila shirika linatakiwa kuwa naye, ana kwa ana au kwa simu, na ana mamlaka ya kubadili uamuzi wa mhudumu aliye mlangoni. Mwulize kabla ndege haijafunga mlango.